Sisilia, Ghala la Ngano la Warumi

Kutoka ncha ya Italia hadi Sisilia si safari ndefu: mlango wa bahari wa Messina, mahali pembamba kabisa, haufiki kilomita 4. Kisiwa kina pembe tatu, na Mediterania nzima haina kikubwa kuliko hicho. Mashariki umesimama Etna, mlima wa moto wenye kimo cha zaidi ya mita 3,300, na kusini mwake imetandaa tambarare ya Leontini, iliyosifika kwa ngano tangu kale.

Warumi walikikuta kisiwa kina wenyewe. Wagiriki walishajenga miji mashariki na kusini, Wafoinike magharibi. Mwaka 241 KK, baada ya kuishinda Karthago, dola ya Afrika Kaskazini, Roma ilitwaa sehemu kubwa ya Sisilia, nayo ikawa jimbo lake la kwanza nje ya Italia. Sirakusa ilibaki na mfalme wake, ikaja kutekwa mwaka 212 KK. Siku hizo ndipo askari mmoja wa Kirumi alipomuua mwanahisabati Archimedes.

Kodi ya jimbo ilifuata sheria ya Hiero wa Pili, mfalme wa Sirakusa, nayo ilikuwa sheria nzuri. Kila mwaka mkulima alijiandikisha, na haki ya kukusanya sehemu moja ya kumi ya mavuno ikanadiwa, wilaya kwa wilaya. Mkusanyaji na mkulima waliandikiana mapatano, na sheria ikamlinda kila mmoja asipunjwe na mwenzake. Ngano hiyo ililisha jiji la Roma na majeshi yake.

Kisha akaja Gaius Verres, liwali kuanzia 73 hadi 71 KK. Aliamuru mtu asiondoe nafaka kwenye uwanja wa kupuria kabla hajaelewana na mkusanyaji. Mkulima akashikwa pabaya: mavuno yake yako nje, na kufikia tarehe 1 Agosti fungu la Roma lazima liwe limefika pwani. Alikubali lolote alilotajiwa. Huko Agyrium wakulima waliojiandikisha walikuwa 250 mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu walibaki 80. Hesabu hizo alizitoa mwanasheria Cicero, aliyemshtaki Verres mwaka 70 KK, na mshtakiwa akakimbia kabla kesi haijaisha. Verres aliiba pia masanamu ya mahekalu, lakini kwangu mimi mashamba yale yaliyohamwa ndiyo hatia yake kubwa zaidi.

Wakulima hao angalau walipata wa kuwasemea. Watumwa waliolima na kuchunga kwenye mashamba ya matajiri hawakuwa na mtu. Mwaka 135 KK watumwa wa Enna waliasi wakiongozwa na Eunus, mtumwa mwenzao kutoka Syria, wakamuua Damophilus, bwana katili, pamoja na mkewe. Binti wa watu hao hawakumgusa. Alikuwa akiwafariji waliopigwa na kuwasaidia waliofungwa, basi wakamsindikiza salama hadi kwa jamaa zake Catana. Uasi ulizimwa mwaka 132 KK.

Misri ilipotwaliwa mwaka 30 KK, ngano yake na ya Afrika Kaskazini ikaipita ya Sisilia. Mashamba makubwa hata hivyo yaliendelea kutajirisha wachache. Karibu na Piazza Armerina ipo nyumba ya mmoja wao, ya karne ya 4 BK. Ukumbi wake mrefu, wa mita 60 hivi, umesakafiwa kwa vijiwe vya rangi vinavyoonyesha wanyama wa Afrika, tembo na mbuni miongoni mwao, wakipakiwa melini kwenda kwenye viwanja vya michezo vya Roma.