Kiti cha Mama Kaunti Kisiwe Dari

Katika uchaguzi mkuu wa 2022, maeneobunge yote 13 ya kaunti za Wagusii nchini Kenya, Kisii na Nyamira, yalipeleka wanaume bungeni. Siku iyo hiyo, wapiga kura walewale, wanaume kwa wanawake, waliwachagua Dorice Donya na Jerusha Momanyi kuwa wawakilishi wa wanawake wa kaunti hizo, waitwao Mama Kaunti, Momanyi kwa muhula wa pili. Basi anayedai kwamba Mgusii hampigii mwanamke kura hajatazama karatasi zote za kura.

Kizuizi kiko mapema zaidi, kwenye tiketi ya chama na hesabu za koo. Mwanamke aliyeolewa huambiwa akatafute kura kwao alikozaliwa. Akienda kwao, huambiwa ameshaolewa. Kisha hushauriwa agombee “kiti chenu”, yaani cha Mama Kaunti, na ngazi iliyowekwa na Katiba ya 2010 inageuka dari.

Wapo wasemao viti maalumu ni upendeleo unaomdharau mpiga kura. Hoja hiyo ina uzito, ila vyama ndivyo humchagulia mpiga kura kabla hajafika kituoni. Bunge nalo halikusaidia: David Maraga, mzaliwa wa Nyamira, alipokuwa Jaji Mkuu mwaka 2020 alishauri livunjwe kwa kushindwa kutunga sheria ya kuhakikisha jinsia moja haizidi thuluthi mbili ya viti. Halikuvunjwa.