Kikoa cha ndani: maana na matumizi

Kikoa (wingi: vikoa, ngeli ya KI-VI) ni nomino yenye maana zaidi ya moja. Katika matumizi ya kawaida ni mlo ambao watu huula pamoja, wakiuandaa kwa zamu au kwa kuchanga. Ndiyo maana husemwa kula kikoa. Katika isimu, vikoa vya maana ni makundi ya maneno yanayohusiana kimaana. Katika teknolojia ya habari, jina la kikoa ni jina linalotumika badala ya anwani ya nambari ya kompyuta iliyo mtandaoni.

Utata huanza panapoongezwa cha ndani. Neno ndani humlazimu msomaji kujiuliza: ndani ya nini? Ndege za ndani na soko la ndani humaanisha ndani ya nchi. Hivyo, mwanafunzi aliyeelekezwa "kutengeneza kikoa cha ndani" anaweza kudhani kwamba anatakiwa kusajili jina linaloishia na .tz au .ke. Hicho ni kikoa cha nchi: husajiliwa, na hufikika kutoka popote duniani. Kikoa cha ndani hakisajiliwi wala hakilipiwi. Hutambuliwa na kompyuta iliyowekewa jina hilo tu, ili mtengenezaji aijaribu tovuti yake kabla ya kuiweka hadharani. Tafsiri ya kikoa cha kienyeji hupotosha zaidi, kwa kuwa kienyeji huashiria asili au jadi, kama katika kuku wa kienyeji.

Namna kinavyofanya kazi huonyesha maana yake. Kompyuta huwa na faili liitwalo hosts, ambalo kwa kawaida huangaliwa kabla ya kuuliza seva za majina za intaneti. Katika Linux na macOS, faili hilo ni /etc/hosts. Katika Windows limo katika C:\Windows\System32\drivers\etc. Mwenye ruhusa ya msimamizi huongeza mstari kama huu:

127.0.0.1 duka.test

Anwani 127.0.0.1 ni ile ambayo kompyuta huitumia kujirejelea yenyewe. Kwa hiyo kivinjari kikiandikiwa duka.test, hakiendi mbali. Huigeukia kompyuta ileile. Faili hili hulinganisha jina na anwani tu. Haliwashi seva, wala halitaji poti. Seva ikiwa inasikiliza kwenye poti 3000, huandikwa duka.test:3000.

Uchaguzi wa kiishio nao una uzito. Kiishio .test kilitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya majaribio, hivyo hakiwezi kugongana na tovuti halisi. Kiishio .local hakifai, ingawa jina lake hushawishi: tangu mwaka 2013 kimetengewa itifaki ambayo vifaa vya mtandao mmoja, kama printa, hutumia kutambuana. Kiishio .dev kilizoeleka miongoni mwa watengenezaji wa tovuti, lakini ni kiishio halisi kinachomilikiwa na Google, na vivinjari hukidai muunganisho uliosimbwa. Mwongozo wa zamani unaokipendekeza, ukifasiriwa bila tanbihi, humwacha mwanafunzi mbele ya ukurasa usiofunguka.

Mifano ya matumizi:

Sahihi: Mwanafunzi aliweka kikoa cha ndani ya kompyuta yake ili aijaribu tovuti ya duka.
Sahihi: Shule ilisajili kikoa cha nchi kwa ajili ya tovuti yake.
Si sahihi: Mwanafunzi alimtumia mwalimu kiungo cha duka.test, naye akakifungua akiwa nyumbani kwake.

Sentensi ya mwisho haina kosa la sarufi. Kosa lake ni la maana. Kompyuta ya mwalimu hailijui jina hilo.

Tanbihi: Inashauriwa mfasiri aandike kikoa cha ndani ya kompyuta kinapotajwa kwa mara ya kwanza, kisha afupishe kuwa kikoa cha ndani. Majina kama hosts, localhost na .test hayafasiriwi, kwa sababu kompyuta huyasoma herufi kwa herufi.