Istilahi za Mavazi ya Baridi na Mvua kwa Mpanda Baiskeli: Mfano wa Matembwe, Njombe

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi zinazohusu mavazi ya mtu apandaye baiskeli katika baridi na mvua. Huenda msomaji akaona kuwa jambo lenyewe ni dogo. Lakini mwalimu afundishaye huduma ya kwanza, mfasiri aliyepewa maelezo ya matumizi ya koti, na mtumishi wa serikali anayeandika zabuni ya mavazi ya maafisa ugani, wote hukutana nalo. Wasipokuwa na maneno ya kutenganisha dhana na dhana, huandika "koti la mvua" na kuishia hapo. Tutaonyesha kwamba maneno hayo yanafunika kazi nne zilizo mbalimbali, na kwamba gharama ya kutozitenganisha hulipwa na mpanda baiskeli kwa mwili wake.

Mahali tulipopachagua

Mfano wetu ni Matembwe, katika tarafa ya Lupembe, mkoani Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Hii ni nchi ya milima, chai na misitu. Mji wa Njombe wenyewe upo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Makambako, ambako barabara ya Njombe na Songea huiacha ile kuu iendayo Mbeya, hujulikana kwa upepo wake. Mvua huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kisha hufuata kipupwe, ambapo asubuhi hutawaliwa na ukungu na manyunyu. Mgawanyo wa masika na vuli, ambao vitabu vyetu vingi umeuchukua kutoka pwani, hauko huku.

Kwa hiyo mtu apandaye baiskeli katika vilima hivi, iwe ni baiskeli ya kawaida au ile ya mlimani yenye matairi mapana na gia nyingi, anahitaji mavazi ambayo mwenzake wa Tanga au Bagamoyo hayahitaji. Je, Kiswahili kina maneno ya kuyataja?

Lugha si maskini

Ni desturi kusema kwamba Kiswahili, kwa kuwa kilikulia pwani, hakina msamiati wa baridi. Madai hayo hayana msingi. Tunayo manyunyu na rasharasha, ukungu na umande, kipupwe na sakitu. Kwa upande wa mavazi tunalo kabuti, yaani koti zito la kuvaliwa juu ya nguo nyingine. Tunayo bushuti, joho la sufu. Na tumekwisha kuyakaribisha sweta, fulana, glavu na gambuti.

Upungufu wetu ni wa namna nyingine. Maneno haya hutaja umbo la vazi, au kitu lilichotengenezwa nacho, bila kutaja kazi yake. Mtu akiambiwa avae koti, hajaambiwa kama koti hilo ni la kutunza joto, la kuzuia upepo, au la kuzuia maji. Kwa matembezi ya mjini jambo hilo halina madhara. Kwa mpanda baiskeli lina madhara, kwa sababu tunazoeleza hapa chini.

Baridi ya mpanda baiskeli

Apandapo mlima, mpanda baiskeli hufanya kazi nzito na kutoka jasho hata katika baridi. Afikapo kileleni na kuanza kuteremka, kazi hukoma, joto la mwili hupungua, na mwendo wake wenyewe humzulia upepo. Kama nguo zake zimelowa, kwa mvua au kwa jasho, upepo huo humpokonya joto kwa kasi. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Na pamba, tuipendayo kwa ubaridi wake wakati wa jua, hunywa maji, hukawia kukauka, na ikilowa haitunzi joto. Sufu huendelea kutunza joto kiasi hata ikiwa na unyevu.

Vidole ndivyo vya kwanza kupata taabu. Vikiingiwa na ganzi havishiki breki ipasavyo, na hayo hutokea kwenye mteremko wenye utelezi, pale breki inapohitajiwa zaidi. Mwili ukizidi kupoa na joto lake la ndani likashuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, hiyo ni hali ya hatari: mtu hutetemeka, hukosa wepesi wa mikono, maneno humtatiza, na hatimaye akili huvurugika. Wapo waandishi wanaoiita hali hii haipothemia. Sisi tunapendekeza mzizimo wa mwili, kutokana na kitenzi kuzizima. Muuguzi ataielewa, na mwanafunzi wa darasa la sita ataielewa pia.

Matabaka matatu

Kinga dhidi ya hali hiyo haitokani na vazi moja zito, bali na matabaka yanayovuliwa na kuvaliwa kadiri njia inavyopanda na kushuka. Tabaka la kwanza hugusa ngozi na kuliondoa jasho. La pili hushika hewa yenye joto. La tatu huzuia upepo na mvua.

Hapa mfasiri hujikwaa mapema. Tabaka la kwanza akiliita "nguo ya ndani", msomaji ataelewa chupi, kwani neno hilo limekwisha kupewa maana hiyo. Tunapendekeza tabaka la mwilini. La pili tuliite tabaka la kutunza joto. Tukisema "tabaka la joto" tu, tutadhani kwamba vazi lenyewe hutoa joto, ilhali joto ni la mwili na vazi hulihifadhi tu. La tatu tuliite tabaka la kinga. Neno tabaka linatumika pia katika siasa na katika jiolojia, lakini muktadha hutosha kuondoa utata.

Kutiririsha, kukinza na kutovuja

Mkanganyiko ulio mkubwa zaidi umo katika tabaka la kinga. Lebo za mavazi hutofautisha daraja tatu, na tafsiri nyingi huzifanya kuwa moja: "inazuia maji".

Daraja ya kwanza ni ya kitambaa kilichopakwa dawa juu ili matone yasishike, bali yaviringike na kuanguka kama yafanyavyo juu ya jani la gimbi. Kitambaa hicho kinatiririsha maji. Dawa hiyo hupungua kwa kufuliwa na kusuguliwa, na huhitaji kupakwa upya. Daraja ya pili ni ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kinachostahimili manyunyu kwa muda lakini hushindwa na mvua kubwa. Hicho kinakinza maji. Daraja ya tatu ni ya kitambaa kisichoruhusu maji kupita, na ambacho mishono yake imezibwa kwa utepe. Kwa hiki tunalo neno tayari, tulitumialo kila siku kwa paa na kwa mtumbwi: hakivuji. Basi tuseme koti lisilovuja. Ubora wa namna hii hupimwa kwa safu ya maji: lebo ikionyesha milimita 10,000, maana yake ni kwamba katika jaribio kitambaa kilistahimili uzito wa safu ya maji yenye kimo cha mita 10.

Kupitisha mvuke

Koti la plastiki halivuji. Hata hivyo, mpanda baiskeli aliyelivaa atafika juu ya kilima akiwa amelowa chepechepe kwa jasho lake mwenyewe, kisha ateremke akizizima. Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Uskoti alipata hataza ya kitambaa kilichotiwa mpira kati ya nguo mbili. Kilizuia mvua, lakini kilifungia jasho ndani. Mwaka 1969 Robert Gore wa Marekani aligundua namna ya kuvuta aina ya plastiki kwa ghafla hadi ikawa na vitundu vidogo mno: tone la maji haliwezi kuvipenya, ila mvuke wa jasho hupita.

Sifa hii baadhi ya wafasiri huieleza kwa kusema kwamba kitambaa "kinapumua". Hatuipendekezi tafsiri hiyo. Kitambaa hakivuti pumzi, na msomaji hukisia kwamba upepo hupita, kumbe upepo haupiti. Kitu kipitacho ni mvuke. Basi tuseme kitambaa kinachopitisha mvuke. Istilahi hii inaeleza jambo lenyewe, na inakubali kunyambuliwa: upitishaji wa mvuke, kisichopitisha mvuke.

Kuonekana

Kazi ya nne ya vazi ni kumfanya mwenye kulivaa aonekane katika ukungu na giza. Hapa pia dhana mbili huchanganywa chini ya neno "linalong'aa". Rangi kali, kama njano ya kukoza, husaidia mchana. Usiku bila mwanga wa jua hupoteza nguvu yake. Utepe wa fedha tuuonao katika fulana za askari wa barabarani hurudisha mwanga wa taa za gari kule ulikotoka. Kitenzi kuakisi tumekwisha kukipata katika fizikia. Kwa hiyo tuseme utepe wa kuakisi, na lile la kwanza tuliite vazi la rangi kali.

Matumizi katika maandishi ya kazi

Tuchukue mfano wa zabuni. Ofisi inataka kuwanunulia maafisa ugani wake mavazi, na inaandika: "Makoti ya mvua, mazuri, 40." Mzabuni akileta makoti ya plastiki yasiyopitisha mvuke, au ya kitambaa kinachokinza maji tu, hajavunja mkataba, maneno ya zabuni yalimruhusu. Lakini ikiandikwa: "Makoti 40 yasiyovuja, yenye mishono iliyozibwa, ya kitambaa kinachopitisha mvuke, yenye utepe wa kuakisi mgongoni na mikononi, na yenye mgongo mrefu wa kufunika kiuno cha mtu aliyeinama," hapo mkaguzi anayo mizani ya kupimia mzigo uliofika. Mgongo mrefu si pambo: mpanda baiskeli huinama, na gurudumu la nyuma humrushia tope.

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya:

1. Mzizimo wa mwili: kushuka kwa joto la ndani ya mwili chini ya nyuzi 35.
2. Tabaka la mwilini, tabaka la kutunza joto, tabaka la kinga.
3. Kutiririsha maji, kukinza maji, kutovuja: daraja tatu zisizopaswa kuchanganywa.
4. Kupitisha mvuke: kuruhusu mvuke wa jasho kutoka nje.
5. Kuakisi: kurudisha mwanga, si sawa na kuwa na rangi kali.

Msomaji ataona kwamba karibu maneno yote haya ni ya Kiswahili cha kila siku, hatukulazimika kukopa. Hata hivyo hatudai kuwa tumemaliza. Taratibu za uundaji wa istilahi zinatuelekeza kutazama kwanza Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kabla ya kwenda mbali. Wabena, Wahehe na Wakinga wameishi na baridi hii tangu zamani, na bila shaka lugha zao zina maneno ya ukungu, ya sakitu na ya kujisitiri ambayo kamusi zetu bado hazijayapokea. Tunawaomba walimu na watumishi walioko Njombe, Makete na Mufindi wayakusanye pamoja na maelezo ya matumizi yake, ili yapimwe kwanza kabla ya kusanifishwa. Na katika wakati huu wa kungoja, afadhali mwandishi aseme kwa maneno mengi lakini wazi kuliko kusema kwa neno moja linalomwacha mtu alowe njiani.