Jalada Husema Nusu ya Kweli

Ndugu msomaji, uionapo santuri ya bendi ya AC/DC ya Australia iitwayo '74 Jailbreak, usihadaike na mwaka ulio juu ya jalada. Ilitolewa mwaka 1984, ikatolewa tena mwaka 2003, nayo ina nyimbo tano tu. Nne zilirekodiwa mjini Sydney mwishoni mwa mwaka 1974. Ule uliobeba jina la santuri ni wa mwaka 1976.

Kwa nini zilikusanywa upya? Santuri za mwanzo za bendi hiyo zilipopangwa kwa soko la nje ya Australia, nyimbo hizi ziliachwa. Kwa miaka kadhaa wageni wakazikosa.

Kazi hii ni ya jamaa moja ya wahamiaji. Malcolm na Angus Young walitoka Glasgow, Scotland, pamoja na wazazi wao mwaka 1963. Kaka yao George ndiye aliyesimamia kurekodi, akishirikiana na Harry Vanda. Mwimbaji Bon Scott alifariki London mwaka 1980. Basi, mwaka 1984 wengi walimsikia marehemu katika nyimbo zilizokuwa mpya masikioni mwao.

Hata hivyo, fedha ya mfanyakazi ni jasho lake. Ikiwa nyumbani unazo santuri za Australia za High Voltage na Dirty Deeds Done Dirt Cheap, nyimbo zote tano unazo tayari. Geuza jalada, soma orodha, ndipo ufungue mkoba.