Mafuta ya zaatari na kidole cha jirani yangu

Siku hizi ukitoka kuswali Ijumaa hukosi meza ya vichupa: habasoda, karafuu, na sasa mafuta ya zaatari. Muuzaji atakwambia yanaua kila kijidudu, kuanzia mafua hadi kidonda cha mwenye sukari. Nusu ya maneno yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayoponza watu.

Zaatari, majani madogo ambayo wenzetu wenye asili ya Oman huyatia kwenye chai mtu akibanwa na kifua, yana thimoli, iliyotengwa na mkemia Caspar Neumann mwaka 1719. Bakteria amezungukwa na utando wenye mafuta. Thimoli hupenya kwenye utando huo na kuuharibu, vilivyomo ndani vikavuja, bakteria akafa. Maabara zimeliona hilo kwa Staphylococcus anayetunga usaha na kwa E. coli. Pseudomonas, anayependa vidonda, ni sugu zaidi. Huyo muuzaji hamtaji. Thimoli kidogo hutiwa pia kwenye baadhi ya dawa za kusukutua mdomo.

Vile vile huchelewesha mafuta ya chakula kuchacha. Oksijeni huanzisha mnyororo wa chembe haribifu, na thimoli huukata kwa kuzipa chembe hizo haidrojeni yake.

Sasa tufanye hesabu. Kilo nzima ya majani makavu hutoa kama mililita 10 hadi 25 tu za mafuta. Kwa hivyo kikombe cha chai kina mafuta kiduchu, na mtu mzima akinywa hana neno. Kichupa ni jambo jingine. Kimebeba nguvu ya kilo nzima au zaidi, huchoma ngozi kikipakwa bila kuchanganywa, na mtoto akikinywa ni hatari. Tena bakteria aliyekufa kwenye kisahani cha maabara hakuwa amejificha ndani ya mguu ambao damu haifiki sawasawa.

Jirani yangu, mtu wa sukari, alipaka wiki mbili. Harufu nzuri ya zaatari ikafunika ile mbaya. Alipofika hospitali kidole kimeshakuwa cheusi, kikakatwa.

Kwangu chai ya zaatari ipo, karibuni. Lakini mwenye sukari akiona kidonda mguuni, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, akioshe kwa maji safi, akifunike, na aende kliniki siku hiyo hiyo. Na kama ameshapaka kitu, amwambie daktari ni nini.