Mgeni Asiyemponya Mwenyeji: Tegu wa Ini na Insulini

Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakuwa na tegu akilini. Katika taaluma ya vimelea, mwenyeji ni kiumbe ambaye mwilini mwake kimelea hupata makazi na chakula. Istilahi hiyo, bila shaka, ina ukarimu kupita kiasi.

Echinococcus multilocularis ni tegu mwenye urefu wa milimita chache tu, aishiye utumboni mwa mbweha katika nchi za kaskazini mwa dunia, zikiwemo Uswisi, Ujerumani, China na Japani. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, na kwa kawaida humezwa na panya wa porini. Binadamu anapoyameza kwa bahati mbaya, kiluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo, akaingia katika damu na kufikishwa kwenye ini. Huko hakui kuwa tegu mpevu, bali hujenga vifuko vidogo vidogo vinavyochipuka na kujipenyeza mithili ya saratani. Miaka 5 hadi 15 huweza kupita pasi na dalili yoyote. Asipotibiwa, mgonjwa aghalabu hufa.

Lakini kwa nini ini? Sababu iliyo wazi ni njia yenyewe: damu itokayo matumboni hupitia kwenye ini kabla ya kusambaa kwingineko. Huenda ipo sababu nyingine pia. Kongosho humimina insulini katika mshipa uo huo, hivyo ini hupata insulini nyingi kuliko viungo vingine. Insulini ni protini ndogo ambayo kazi yake ni kuziamuru seli za mwili zipokee sukari. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, akiwemo Klaus Brehm, walionyesha kwamba amri hiyo husikika hata kwa mgeni. Tegu ana vipokezi viwili vinavyofanana na kile cha binadamu. Alipowekewa insulini ya binadamu maabarani, alifyonza sukari zaidi na seli zake za shina zikaunda vifuko vipya kwa wingi. Vipokezi hivyo vilipozibwa kwa kemikali, vifuko vilidhoofika. Kwa maneno mengine, mwenyeji mwenyewe ndiye ampaye adui yake ishara ya kukua.

Msomaji wa Kenya asidhani kuwa haya ni ya ughaibuni tu. Ndugu wa tegu huyu, Echinococcus granulosus, huenezwa na mbwa, na Turkana imejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. AMREF ilianzisha mpango wa kumdhibiti huko mwaka 1983. Yeye hujenga uvimbe mkubwa uliojaa maji, ambao mara nyingi huweza kuondolewa kwa upasuaji. Matokeo ya Würzburg, hata hivyo, yalihusu yule wa mbweha.

Kwa huyo wa mbweha, dawa ya albendazoli huzuia ukuaji lakini aghalabu haimuui, na mgonjwa asiyeweza kupasuliwa huimeza kwa miaka mingi, pengine maisha yake yote. Ndiyo maana vipokezi vile vinachunguzwa kama shabaha ya dawa mpya. Ugumu uko katika kufanana kwao na vyetu: dawa itakayomziba tegu masikio bila kuchagua itaziba pia yale ya seli za mgonjwa, na hapo sukari itabaki ikizunguka katika damu yake.