Makosa ya Mwanafunzi wa Ususi

Ususi ni kazi inayofundishwa juu ya kichwa cha mtu aliye hai, anayehisi maumivu, anayelipa, na atakayetembea mtaani siku nyingi na kile alichofanyiwa. Seremala mwanafunzi akiharibu ubao huutupa akachukua mwingine. Mwanafunzi wa saluni hana cha kutupa. Hata hivyo hakuna msusi aliyepata kuwa fundi bila kukosea, na mafunzo ya saluni yanategemea sana jinsi makosa yanavyopangwa: yapi yaachwe yatokee, na yapi yazuiwe kwa kila njia.

Makosa yenyewe ni ya namna mbili. Yapo yanayofumulika. Mstari umekwenda kombo, rasta moja imekuwa nene kuliko mwenzake, kichwa kimesukwa kikapoteza umbo: kinafumuliwa, kinaanzwa upya, na hasara ni muda na pengine pakiti moja ya nywele za bandia. Na yapo yasiyofumulika. Dawa iliyounguza ngozi ya kichwa, nywele zilizokatika katikati, kipaji kilichopoteza nywele kwa sababu ya kuvutwa mwaka baada ya mwaka. Fundi mzuri humwachia mwanafunzi akosee ya kwanza mara nyingi kadiri wateja watakavyovumilia, na humweka mbali na ya pili mpaka macho na mikono yake ikomae. Saluni nyingi hupindua utaratibu huo kwa sababu ya haraka ya wateja, na hapo ndipo watu huumia.

Wasso, mji mdogo wa Loliondo wilayani Ngorongoro, unaonyesha jambo hili vizuri kwa kuwa nywele zina historia mbili pale. Wateja wa saluni ni wauguzi wa hospitali iliyojengwa na wamisionari Wakatoliki miaka ya 1960, walimu, watumishi wa halmashauri na wafanyabiashara. Lakini wanawake wengi wa Kimaasai wa maboma yanayouzunguka mji hunyoa kichwa kwa desturi, na wasichana katika shule nyingi za serikali hutakiwa kuwa na nywele fupi. Msichana anaweza kumaliza kidato cha nne hajawahi kusuka kichwa cha mtu hata mara moja, tofauti na mwenzake wa Tanga au Mwanza aliyeanza na wadogo zake barazani akiwa na miaka minane. Akiingia saluni, anaanza mwanzo kabisa.

Ajabu ni kwamba ususi stadi kabisa wa eneo hilo ulikuwa, na bado upo, mikononi mwa wanaume. Morani hufuga nywele ndefu, na wenzake humsokota nyuzi nyembamba nyingi, zikapakwa mafuta na udongo mwekundu, hadi siku ya sherehe ya Eunoto ambapo mama yake humnyoa. Kijana hujifunza kusokota kwenye kichwa cha rika lake, chini ya mti, muda ukiwa mwingi na hakuna anayedai chenji yake. Akikosea, anafumua. Mazingira hayo ya kujifunzia ni bora kuliko ya saluni nyingi, na matokeo yanaonekana: vijana wa Kimaasai wanaosuka rasta na nywele za kusokota Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar wanasifiwa kwa wepesi na usawa wa mikono yao, na wengi hawakuingia darasa lolote.

Saluni haina muda huo, kwa hiyo imejitengenezea ngazi yake. Mwanafunzi huanza kwa kufagia, kufua taulo na kuchambua nywele za bandia. Kisha hupewa kufumua. Kazi hii hudharauliwa, na wanafunzi wengi huiona kuwa adhabu, lakini hakuna inayofundisha kuliko hiyo, kwa maana anayefumua anasoma makosa ya msusi mwingine yakiwa yamekwisha kutoa matokeo. Anaona mahali nywele zilipokatika kwa sababu fungu lilikuwa dogo mno kwa uzito wa rasta. Anaona fundo la uchafu shinani kwa mtu aliyekaa na msuko miezi mitatu. Anaona upara mwembamba juu ya masikio. Fundi anayesimama dakika moja na kumuuliza, "Unadhani hapa imekatika kwa nini?" amefundisha zaidi ya saa nzima ya maelezo. Baada ya kufumua huja kuosha, kisha kusuka kwa mkono bila nywele za bandia, kisha rasta na kushonea, na mwisho kabisa dawa.

Makosa ya kusuka huanzia kwenye njia. Mstari wa kwanza unaotoka kipajini kwenda kisogoni ndio unaoamua mingine yote. Ukipinda kwa upana wa kidole, kila unaofuata hupinda nao, na mwanafunzi hugundua akiwa amefika kando ya sikio ambako nafasi iliyobaki haitoshi. Dawa yake ni kugawa kichwa chote kwa kichana cha mkia kabla ya kusuka hata mmoja, kubana mafungu, kisha kusogea nyuma na kutazama kwenye kioo. Kosa la pili ni la vidole: mwanafunzi hushika nywele mbali na ngozi, msuko unaanza hewani na kulegea baada ya siku mbili. Akikemewa kwa kulegeza, kesho yake hukaza kupita kiasi.

Na kukaza ndilo kosa linalosimama mpakani kati ya namna zile mbili, kwa sababu siku ya kwanza linafumulika na baada ya miaka halifumuliki tena. Mteja mwenyewe huliomba, akiamini msuko uliokazwa unadumu. Msusi naye humtuliza: "Vumilia dada, kesho italegea." Usiku mteja humeza panadoli ndipo alale. Vipele vidogo vinavyotokea kando ya kipaji, ngozi inayonyanyuka kwenye mzizi wa kila msuko, nyusi zinazovutika juu: hizo si dalili za kazi nzuri, ni mizizi inayong'olewa polepole. Mwanzoni nywele hurudi zikipumzishwa. Mvuto ukiendelea kwa miaka, vishimo vinavyootesha nywele huziba kwa kovu na nywele hazioti tena. Utafiti ulioongozwa na Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta upara wa namna hii kwa karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa, na tafiti za timu hiyo zikaona hatari inakuwa kubwa zaidi pale nywele zilizotiwa dawa zinaposukwa au kuongezewa nywele za bandia. Mwanafunzi anayefundishwa mapema kuuliza "Nimekubana, dada?" na kufumua mistari miwili ya mbele bila kununa amekwishapata nusu ya ufundi.

Kumalizia nako kuna ajali zake. Ncha za rasta huchovywa kwenye maji ya moto ili zishike. Mwanafunzi huinua rasta zikiwa zinachuruzika, na maji hushuka mgongoni mwa mteja. Chombo kinapaswa kuwa nyuma ya kiti na chini ya usawa wa bega, mteja awe na taulo kavu lililokunjwa shingoni, na rasta zikamuliwe kwa taulo jingine kabla hazijaachiwa.

Dawa ya kulainisha nywele ni ulimwengu mwingine. Zipo za aina mbili kuu: zenye sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda ileile inayotengenezea sabuni, na zile zinazochanganywa papo hapo kwa kalsiamu haidroksaidi na guanidini. Zote zina pH ya kati ya 12 na 14, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5. Dawa huingia ndani ya unywele na kuvunja vifungo vya salfa vinavyoufanya ujikunje, na vifungo hivyo havirudi. Ikikaa zaidi ya muda wake huendelea kuvunja hadi unywele wenyewe unakosa nguvu ya kujishikilia, na ikigusa ngozi yenye mchubuko huunguza.

Hapa lipo jambo ambalo mafundi wengi hawamwelezi mwanafunzi: katika dawa, mwendo wake wa polepole ndio kosa lenyewe. Kwenye rasta, mwanafunzi anayekwenda polepole anachosha mteja tu. Kwenye dawa, muda unahesabiwa tangu unywele wa kwanza ulipopakwa. Fundi humaliza kichwa kwa dakika chache. Mwanafunzi anayehangaika na kila fungu hufika fungu la mwisho wakati la kwanza limekwisha kupitiliza. Kisogo kinaungua, kipaji bado kigumu, naye huongeza dakika ili kipaji kilainike. Zoezi linalofaa halina hatari yoyote: apake kondishena kwenye kichwa kilekile, kwa mpangilio uleule, saa ikiwa mbele yake, mpaka aweze kumaliza ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo la dawa. Kabla hajafika hapo, apake robo ya kichwa na fundi apake iliyobaki.

Makosa mengine ya dawa hutokea kabla kopo halijafunguliwa. La kwanza ni kutouliza. "Dada, mara ya mwisho uliweka dawa gani, na ni lini?" ni swali linaloweza kuokoa kichwa kizima. Mteja aliyewekwa kalikiti ana kemikali nyingine kwenye nywele zake, ya jamii ya thioglaikoleti. Dawa ya haidroksaidi ikipita juu yake, nywele hukatika. Aliyetiwa dawa miezi michache iliyopita anapaswa kupakwa kwenye nywele mpya peke yake, ambazo huota karibu sentimita 1 kwa mwezi. Mwanafunzi akivuta dawa hadi kwenye nywele za zamani, zitakatika zote kwenye usawa mmoja, pale za zamani na mpya zinapokutana, na mstari huo utaonekana wazi.

La pili ni kutotazama ngozi. Mteja aliyefumua jana na kujikuna usiku kucha ana michubuko midogo asiyoijua. Huyo arudishwe nyumbani asubiri, hata akikasirika. La tatu ni maji. Bomba kukauka katikati ya kazi si jambo geni katika miji midogo wakati wa kiangazi, na kwa hiyo ndoo za kutosha kuosha kichwa mara kadhaa ziwe zimejaa kwanza. La nne ni kubahatisha bidhaa. Bidhaa za Wasso husafiri kutoka Arusha. Kipande cha lami cha kilomita 49 kati ya Wasso na Sale kimepunguza taabu ya safari, lakini shampuu ya kumalizia ikiisha leo huenda isipatikane leo. Sabuni ya kawaida haichukui nafasi yake, maana shampuu hiyo ndiyo inayozima mabaki ya dawa. Baadhi ya aina hutoa povu la waridi mpaka dawa itoke yote, msaada mkubwa kwa macho ya mgeni wa kazi.

Mteja akisema dawa inachoma, huoshwa sekunde ileile. Ikiingia jichoni, jicho huoshwa kwa maji mengi safi yasiyokatika kwa muda usiopungua dakika 15 hadi 20, kisha mtu anapelekwa hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Ndiyo maana dawa hujaribiwa kwanza. Inasimuliwa kwamba Garrett Morgan, Mmarekani mweusi aliyeuza krimu ya kunyoosha nywele mwanzoni mwa karne ya 20, aliijaribu kwanza kwa mbwa wa jirani, kisha kwenye nywele zake mwenyewe. Leo fungu dogo la kisogoni linatosha kwa jaribio, na kwa rangi ya nywele tone nyuma ya sikio saa 48 kabla huonyesha kama ngozi ya mteja inaikataa.

Usafi nao una kosa lisiloonekana siku hiyo. Mapunye huhama kutoka kichwa hadi kichwa kwa mashine, chanuo na taulo, hasa kwa watoto. Mwanafunzi hunyunyiza spiriti juu ya chanuo lililojaa nywele na mafuta, akadhani amesafisha. Spiriti haifanyi kazi chini ya uchafu. Nywele hutolewa kwanza, kifaa huoshwa kwa sabuni, ndipo dawa ya kuua vijidudu. Wembe hutumika kwa mtu mmoja na kutupwa.

Yote haya yanategemea kama mwanafunzi anathubutu kusema. Anayeogopa kutukanwa mbele ya wateja atanyamaza dakika mbili akitumaini muwasho utapita, na dakika mbili za dawa ni nyingi. Fundi anayetaka kulinda wateja wake hulinda kwanza uhuru wa mwanafunzi kuita, "Dada, njoo utazame hapa," na maonyo huyaweka baadaye, faragha. Mteja naye anastahili kuambiwa kwamba anayemsuka ni mwanafunzi, bei ikapunguzwa, na fundi akapitia kazi kabla hajainuka kitini. Wanaokubali ni wengi kuliko wanavyodhaniwa. Daftari dogo husaidia: tarehe, aina ya dawa, dakika, hali ya ngozi, na kilichotokea mteja aliporudi.

Mafunzo ya saluni za mitaani mara nyingi huisha bila karatasi yoyote. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha fani ya nywele na urembo vyuoni mwake, na pia ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: aliyejifunza saluni hupimwa kwa vitendo na kwa maswali, pengo likionekana huelekezwa, kisha hupewa cheti. Mtu aliyejifunza kwa kutazama mikono ya fundi bila kuelezwa sababu hushindwa kwenye maswali hata kama anasuka vizuri. Aliyeulizwa kila wakati imekatika kwa nini, na akaandika jibu, huwa na la kusema.